Mashahidi hewa tumewazaa wenyewe

Kampuni za bima zimekuwa zikilia kwa miaka kwamba zinalipishwa fidia na majeruhi hewa, watu ambao siku ya ajali hawakuwa ndani ya matatu wala karibu na barabara, wakisindikizwa mahakamani na mashahidi ambao nao hawakuona lolote. Kilio hicho ni cha haki, ila kimesimuliwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba shahidi hewa hapati kiti ila pale shahidi wa kweli alipokiacha wazi. Na katika mji huu wa Mombasa shahidi wa kweli anafukuzwa mchana kweupe. Anafukuzwa na polisi asiyetaka kuandika jina lake, na tajiri anayemwambia asijitie katika mambo ya watu, na mahakama inayomwita asubuhi ikamrudisha adhuhuri bila kumsikiliza. Wengine hawangoji hata kufukuzwa, wameshazima simu.

Hatuna haja ya kuzungusha maneno. Aliyeumia kwa uzembe wa mwenzake akishindwa kesi Mombasa, mara nyingi si kwa ubaya wa sheria. Anashindwa kwa sababu walioona hawakuja kusema. Gazeti hili linawataja waliosababisha hali hiyo, kila mmoja na sehemu yake ya lawama.

Tazama Kizingo. Ni mtaa wa kuta ndefu, malango ya chuma na kamera juu ya nguzo. Iko Ikulu, ziko shule za kifahari, na iko Mama Ngina Drive inayofuata bahari mpaka karibu na kivuko cha Likoni. Tangu ufuo ule ukarabatiwe na kufunguliwa upya mwaka 2019, jioni za Jumapili hapapitiki: familia zimejipanga kwenye kuta zikitazama meli zinazoingia Kilindini, wauza mihogo, madafu na kachiri wako kila hatua, na katikati ya umati huo bodaboda na tuktuk zinagombania abiria. Akigongwa mtu hapo saa kumi na mbili jioni, wanaoona ni makumi. Kisha fungua faili ya kesi yake miaka miwili baadaye, usome orodha ya mashahidi. Utamkuta aliyeumia mwenyewe, polisi na daktari. Makumi wale wamekwenda wapi?

Sheria yenyewe haina utata. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinamtwika mzigo yule anayedai. Ukisema tuktuk ilikuwa mbio na dereva alikuwa akizungumza kwa simu, ni wewe wa kuthibitisha, si yeye wa kukanusha. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa, katika kesi dhidi ya Kenya Cargo Handling Services, kampuni iliyokuwa ikishughulikia mizigo katika bandari yetu, ilitamka jambo ambalo mawakili wa bima hawachoki kulirudia hadi leo: katika sheria ya Kenya hakuna kuwajibika pasipo kosa. Kuumia pekee hakutoshi. Mguu uliokatwa unathibitisha kwamba mguu umekatwa, basi. Hausemi ni nani aliyehama upande wake wa barabara.

Hilo husemwa na aliyeona. Wala sheria haidai umati. Kifungu cha 143 kinasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi, na mmoja anayeaminika anatosha. Kinachotakiwa ni awe ameona kwa macho yake au amesikia kwa masikio yake, maana kifungu cha 63 kimefunga mlango kwa ushahidi wa kuambiwa. Shangazi aliyefika Hospitali ya Makadara saa tatu usiku akamkuta mpwa wake kafungwa plasta ana uchungu wa kweli, lakini kuhusu ajali yenyewe hana la kusema. Abiria aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma naye ni vivyo hivyo: aliamshwa na kishindo. Wote wawili hupelekwa kizimbani kila wiki, kwa kuwa ndio pekee waliopatikana.

Na abstrakti ya polisi? Watu wanaishika kama hati ya kiwanja. Karatasi ile inaonyesha kwamba ajali iliripotiwa, tarehe yake, mahali, nambari za magari na kampuni ya bima. Peke yake haimtii mtu lawamani. Ina sehemu ya kuandika majina ya mashahidi, na ndiyo sehemu inayobaki nyeupe. Penye matokeo ya uchunguzi huandikwa herufi tatu, PUI, maana yake uchunguzi ungali unaendelea. Utaendelea hivyo hivyo hadi kesi ya fidia ifike mbele ya hakimu, wakati afisa aliyepima barabara amekwisha kuhamishiwa Garissa au Kakamega, na anayekuja kutoa ushahidi ni mwenzake aliyekabidhiwa kitabu cha matukio cha kituo, yaani OB, asubuhi ile ile. Mahojiano yake hayafiki dakika tano. Ulifika mahali pa ajali? Sikufika. Kuna mchoro wa eneo? Katika hii faili haumo. Nani alilaumiwa? Uchunguzi ulikuwa ukiendelea. Wakili wa bima anaketi, hana swali zaidi. Angeuliza nini tena?

Tunasema bila kumung'unya maneno: lawama ya kwanza ni ya polisi. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame, na aripoti ndani ya saa 24. Haikumpa afisa ruhusa ya kungoja ofisini mpaka aletewe ajali mezani. Kuandika majina matatu na nambari tatu za simu pale pale barabarani ni kazi ya dakika kumi. Haihitaji mashine wala mafunzo ya ng'ambo. Na hasara yake ni maradufu, kwa sababu dereva akishtakiwa katika korti ya trafiki na hatia yake ikathibitishwa mpaka mwisho, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hatia hiyo iwe neno la mwisho, isibishwe tena katika kesi ya fidia. Lakini kesi ya trafiki nayo inamtaka shahidi yule yule. Afisa aliyeacha ukurasa mtupu ameua kesi mbili kwa kalamu ambayo hakuitoa mfukoni.

Hakimu asiye na shahidi huru hufanya nini? Mbele yake wako wawili, mwendesha bodaboda na dereva wa pikapu, kila mmoja anaapa kwamba ni mwenzake aliyeingia upande usio wake. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kutoa jibu mwaka 1971 katika kesi ya Lakhamshi dhidi ya Mwanasheria Mkuu: ikishindikana kabisa kujua mwenye kosa, wote wawili wabebe lawama sawa kwa sawa. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikaifuata njia hiyo mwaka 2006. Ni jibu la busara kwa hakimu aliyekwama, lakini angalia linavyomfanya aliyeumia. Aliyestahili Sh800,000 anaondoka na Sh400,000. Hakuwa na nusu ya kosa. Alikuwa na umati uliomtazama, kisha ukatawanyika kabla magharibi haijaadhiniwa. Kila asiyejitokeza amekata kipande cha fidia ya mtu aliyekuwa akimhurumia.

Tena nafasi ni moja tu. Mahakama ya rufaa ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote, lakini tangu kesi ya Selle dhidi ya Associated Motor Boat, mwaka 1968, inajikumbusha kila mara kwamba yenyewe haikumwona shahidi wala kumsikia. Hivyo inamwachia nafasi hakimu aliyemtazama usoni. Shahidi aliyekosekana siku ya kesi hafufuliwi na wakili hodari wa rufaa.

Katika Kizingo shahidi bora ni bawabu. Anakaa langoni toka jioni hadi alfajiri, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kutazama barabara. Anazijua tuktuk kwa maandishi yaliyo nyuma yake, anajua taa ipi ya barabarani imekufa tangu mwezi wa Ramadhani, anajua gari gani hupita saa saba za usiku likiwa mbio. Ajali ikitokea, wa kwanza kufika ni yeye, na ndiye anayetoa maji na kitambaa cha kumfunika aliyelala chini. Kisha tajiri anashuka kwa kanzu ya kulalia, anachungulia langoni na kusema maneno mawili matatu: wewe hukuwepo, sitaki kesi nyumbani kwangu. Kampuni ya ulinzi iliyomleta nayo ina kanuni yake isiyoandikwa, kwamba siku ya kwenda kortini haina mshahara. Juu ya vichwa vyao kamera imeona kila kitu. Baada ya siku kadhaa itajifuta yenyewe na kurekodi upya juu yake, na afisa akija kuulizia, kama atakuja, ameshachelewa.

Huyo mwenye nyumba hatumwonei haya. Aghalabu ni mtu wa elimu, pengine yeye mwenyewe ni wakili au daktari au mfanyabiashara mwenye magari yaliyokatiwa bima. Anajua thamani ya ushahidi kuliko bawabu wake. Na anajua pia kwamba siku mtoto wake atakapogongwa mbele ya lango la jirani, atabisha hodi kwa jirani huyo akitaka bawabu aseme na kamera ifunguliwe. Kumziba mdomo mtu anayekutegemea kwa chakula chake ni kumdhulumu yeye pamoja na aliyelala barabarani, hata kama hakuna kifungu cha jinai kinachokugusa moja kwa moja.

Wapo watakaosema kwamba mahakama ina meno, iyatumie. Ni kweli inayo. Kanuni za Taratibu za Kesi za Madai za mwaka 2010, katika Agizo la 16, zinamruhusu mhusika kuomba shahidi aitwe kwa samansi, na asipofika bila sababu anaweza kukamatwa. Lakini ni wakili gani anayetaka kujenga kesi juu ya shahidi aliyeletwa na askari? Atakuja amenuna, na yote aliyoyaona atakuwa ameyasahau. Ushahidi wa kweli hautolewi kwa pingu.

Tuje kwa simu. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo lilirudi nyuma kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni, likazama na mama na bintiye mdogo ndani. Waliokuwa karibu walirekodi, na nchi nzima ikaona. Miili ilitolewa baharini Oktoba 11. Ukikumbuka feri ya Mtongwe iliyopinduka Aprili 29, 1994, watu 272 wakafa, utaona tofauti ya nyakati: siku ile hakuna msafiri aliyekuwa na kamera mfukoni, na yaliyojulikana yalitoka vinywani mwa walionusurika. Mtu angedhani basi kwamba leo, kila mpita njia akiwa na kamera, tatizo la ushahidi limekwisha.

Halijakwisha, kwa sababu picha haiapi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti kinachoeleza ulivyopatikana na kwa chombo gani, kikiwa na sahihi ya mtu anayehusika na chombo hicho. Maana yake ni kwamba aliyerekodi lazima atoke mbele aseme: hii ni simu yangu, nilisimama pale, saa ilikuwa hii. Video iliyokwisha kuzungushwa katika makundi ya WhatsApp, ikatiwa kaswida ya huzuni na maandishi mekundu, haina mwenyewe tena. Kumpiga picha mtu anayevuja damu, ukamtuma kwa walimwengu kabla mkewe hajajua, halafu ukakataa kupokea simu ya wakili wake, ni ufedhuli. Vijana wa mji huu wanaufanya kila siku na wanaona ni habari.

Tunajua kinachowaogopesha. Mtu anasema, nikijitokeza nitasumbuliwa. Na tukiwa wakweli, anasumbuliwa. Hamali wa Marikiti aliyeitwa kutoa ushahidi anafika mahakamani saa mbili na nusu. Anaisoma orodha iliyobandikwa ukutani, anaiona kesi yake chini kabisa. Anakaa kwenye benchi la ukumbini, katikati ya watu wa kesi za mashamba na wake wanaodai matunzo. Saa tano wakili wa upande wa pili anasimama kusema kwamba amepokea faili juzi tu na anaomba siku nyingine. Hakimu anatazama shajara yake. Siku iliyo karibu ni miezi mitano mbele. Hamali amepoteza kibarua cha siku nzima na nauli yake, na hakuna aliyemwambia hata pole. Mara ya pili atakuja. Mara ya tatu mnaomngoja mtangoja sana.

Lawama hiyo ni ya mahakama, na ni ya pili kwa uzito. Wingi wa kesi ni sababu, lakini si sababu ya kila kitu. Kanuni zinataka gharama za shahidi aliyeitwa ziwekwe mahakamani, na zinampa hakimu uwezo wa kumtoza anayeahirisha kesi. Gharama hizo huamuliwa kati ya mawakili na kuandikwa kwenye faili. Hakuna kinachozuia hakimu kuamuru kwamba sehemu yake imfikie shahidi siku hiyo hiyo, kabla hajashuka ngazi. Wakili akijua kwamba kuahirisha kutamgharimu yeye na kumlipa hamali, maombi ya siku nyingine yatapungua ghafla.

Mombasa ina shida nyingine ambayo Nyeri haina: mashahidi wetu ni wasafiri. Baharia aliyeona kuli akiangukiwa na mzigo gatini atakuwa Durban au Karachi kabla jeraha halijapona. Msichana aliyekuwa abiria katika tuktuk mwezi Machi yuko Riyadh au Doha ifikapo Septemba, paspoti yake imefungiwa kwenye droo ya mwajiri. Sheria inampa majeruhi miaka mitatu ya kufungua kesi, au miezi 12 pekee ikiwa anaishtaki Serikali. Katika muda huo nusu ya walioona wamehama nyumba na waliobaki wamebadilisha laini za simu. Wala haisaidii kulalamika kwamba mji ni wa bandari. Kanuni zinaruhusu shahidi anayekaribia kuondoka asikilizwe mapema, kabla ya siku ya kesi. Tangu janga la korona la mwaka 2020 mahakama zetu zimezoea kusikiliza watu kwa video. Njia ipo. Mawakili wengi hawaiombi kwa uvivu tu, kisha wanakuja kumlilia hakimu kwamba shahidi amesafiri.

Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 ilikusudiwa kutibu mengi ya haya: madai yasiyozidi Sh1 milioni, uamuzi ndani ya siku 60, na ugumu wa kanuni za ushahidi kulegezwa. Sheria yenyewe inataja fidia ya majeraha ya mwili. Hata hivyo majaji wa Mahakama Kuu hawajawa na kauli moja kama kesi za namna hii, zenye ubishi wa nani mwenye kosa, zinafaa kupelekwa huko. Mabingwa hao wakubaliane. Aliyevunjika nyonga hawezi kuwa uwanja wa mjadala wao.

Kuhusu daktari tutasema machache. Anayemtibu majeruhi Makadara siye anayeandika ripoti ya kesi, na anayeandika ripoti mara nyingi amemwona mara moja tu, miezi kadhaa baadaye. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu hati ipokewe bila aliyeiandika pale ambapo kumleta ni gharama au ucheleweshaji usio na maana. Mahakimu wakitumie zaidi kwa vidonda visivyo na ubishi, na wamwite daktari pale tu penye ubishi wa kweli.

Sasa turudi kwa shahidi hewa. Kesi imefunguliwa, wa kweli ameshatoweka, siku ya kusikilizwa imekaribia. Ndipo anapojitokeza kijana wa ukumbini mwenye bahasha ya kaki chini ya kwapa, broka wa ajali, anayejua wapi pa kumpata mtu wa kusema yanayotakiwa. Mtu huyo ameambiwa jina la barabara na rangi ya gari. Amefundishwa sentensi moja, kwamba lilikuwa likienda mbio sana. Akiulizwa alikuwa mbali kiasi gani anajibu mita hamsini. Akiulizwa ukumbi huu wa mahakama una urefu gani, anautazama, anajibu mita hamsini vile vile. Pengine hakimu anamnasa hapo. Pengine wakili wa bima hakuuliza, na pesa zinalipwa.

Jambo baya zaidi ni kwamba broka huyo hafanyi kazi kwa wenye madai hewa peke yao. Anawauzia mashahidi hata watu walioumia kwelikweli, waliokata tamaa ya kumpata aliyeona. Hivyo mwenye haki anaingia mahakamani akiwa na uongo mkononi, na ukigunduliwa anapoteza hata kile alichostahili. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai lenye adhabu ya hadi miaka saba gerezani, na Sheria ya Mawakili inakataza kutumia mawakala wa kuwindia wateja. Msomaji na ajiulize ni lini mara ya mwisho alisikia mtu wa Mombasa amefungwa kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kampuni za bima nazo zisijioshe mikono. Kitengo cha kuchunguza ulaghai wa bima kimekuwepo tangu 2011, mwaka ule ule ambao Blue Shield, iliyokuwa na matatu nyingi katika vitabu vyake, iliwekwa chini ya msimamizi na wenye hukumu mkononi wakaambiwa wangoje. Ulaghai ulikuwa sehemu ya matatizo ya sekta hiyo, usimamizi mbovu ukawa sehemu nyingine. Lakini kampuni inayojua fika kwamba dereva wake ana makosa, ikavuta kesi mwaka hadi mwaka ikitumaini kwamba shahidi atachoka, inaandaa yenyewe soko la broka. Kulipa mapema anayestahili ni nafuu kuliko kupambana na waongo kumi waliozaliwa na ucheleweshaji.

Kama yupo anayeamini kwamba watu wanyonge wa Mombasa hawawezi kusimama kutoa ushahidi, akasome hukumu ya Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatilia sumu ya risasi wakazi wa kitongoji kile cha Mikindani kuanzia 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho hadi mwanawe alipougua, alikamatwa mwaka 2012 kwa kuongoza maandamano, lakini hakunyamaza. Wakazi walileta maelezo ya maisha yao pamoja na vipimo vya damu ya watoto wao. Mwezi Julai 2020 Jaji Ann Omollo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa akawapa fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikaivuruga mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Ilikuwa kesi ya Katiba na si ya ajali ya barabarani, lakini ilisimama juu ya kitu kile kile: watu waliokaa na ugonjwa nyumbani mwao, wakaja kuueleza mbele ya wenye nguvu kuliko wao. Hawakuwa na kuta ndefu wala kamera. Mkazi wa Kizingo anaogopa nini?

Na huu ni mji wa dini. Sura ya Al-Baqara imekataza waziwazi kuuficha ushahidi, na makanisa yetu yana amri yao kuhusu kumshuhudia jirani uongo. Hata Sheria ya Mahakama za Kadhi, ambayo katika kifungu cha 6 inaweka sheria ya Kiislamu ya ushahidi, inaamuru kwamba mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na kwamba uamuzi ufuate uaminifu wa maneno yao, si wingi wao. Anayetoka msikitini Ijumaa, akaona mtoto kagongwa, akapita kama hakuona, atafute mwenyewe jibu atakalotoa huko mbele. Sisi hapa duniani tunamhesabu kuwa sehemu ya tatu ya lawama.

Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya kwa hesabu ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na waliobaki na vilema hawamo katika hesabu hiyo. Kila mmoja wao anaweza kuwa na madai. Mahakama ya Mombasa ianze kutenga saa maalumu kwa kesi zenye mashahidi, shahidi asiyesikilizwa alipwe siku yake papo hapo, na ofisi ya mashtaka ichukue angalau faili moja ya kiapo cha uongo, pamoja na broka aliyekipanga, iifikishe mwisho. Kampuni za ulinzi ziandike katika mikataba yao kwamba siku ya bawabu mahakamani ni siku ya kazi. Wenye kamera wahifadhi picha za ajali mpaka polisi wazichukue kwa maandishi.

Polisi wanaweza kuanza kesho asubuhi, maana lao halingoji bunge wala bajeti. Kamanda wa Kaunti ya Mombasa atoe amri moja kwa vituo vyote: abstrakti yoyote ambayo sehemu ya mashahidi ni tupu, na haina maelezo ya kwa nini ni tupu, isipigwe muhuri, na afisa aliyeiandika aitie sahihi kwa jina lake kamili na nambari yake ya kazi.